Kusema na Mtu Mmoja

Kabla video hazijaingia kila nyumba, Bunluea alikuwa mtu mkubwa katika mji wa Khon Kaen na vijiji vyake. Si kwa mali wala kwa sura, maana sura yenyewe wengi hawakuwahi kuiona. Alikuwa sauti. Gari la sinema lilipofika kijijini na pazia jeupe likatundikwa kwenye uwanja wa hekalu, yeye alikaa nyuma karibu na projekta, kipaza sauti mkononi, akaitia filamu maneno papo hapo huku watu wakitazama. Filamu iwe imetoka Hong Kong, iwe imetoka India, kwake ilikuwa mamoja. Wahusika wote walisema Kiisani, lugha ya kwao Isan, tena Kiisani cha sokoni. Majambazi aliwasemea yeye, na polisi, na mlevi, hata farasi. Wanawake walisemewa na mkewe, Prayong, aliyekaa ubavuni pake na kipaza sauti chake.

Baadaye biashara ilipoanza kusinyaa, mwenye gari alisema sauti moja inatosha. Prayong akabaki nyumbani, na Bunluea akawasemea wanawake pia kwa kubana koo, watu wakavunjika mbavu. Halafu sinema yenyewe ikafa. Bunluea akapata kazi kwenye pikapu yenye spika nne, akizunguka mitaani kutangaza gulio, maonyesho ya ngoma na bei za magodoro. Prayong alikuwa akishona sare za shule barazani. Umri uliwapunguzia mambo mengi, lakini sauti ya Bunluea haukuigusa. Akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu alijua kwamba mchuzi haujakolea.

Siku moja pikapu ikiwa imesimama kwa mafuta, mwanamke aliyekaribia umri wa makamo alikuja dirishani, akaunganisha viganja na kuinama kwa heshima. Alijitambulisha kwa jina la Darin. Alifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta hapo mjini, na kazi yake ilikuwa kusimamia sauti za watu wanaosikika ndani ya michezo hiyo. Alimweleza kwamba utotoni aliwahi kukaa kwenye mkeka uwanja wa hekalu, kwenye mapaja ya mama yake, akalia machozi ya kweli kwa sababu mzee mmoja wa Kichina alikuwa akifa pale kwenye pazia huku akiagana na wanawe kwa Kiisani. Sauti ile hakuisahau. Alipoisikia ikitangaza magodoro alitaka kuikimbilia barabarani.

Shida yake ilikuwa hii. Walikuwa wakitengeneza gemu la mtoto anayerudi nyumbani kwa miguu pamoja na baba yake, wakipita vijiji vilivyohamwa, mashamba ya mpunga na bwawa lenye mambo yake. Anayecheza ndiye mtoto. Baba haonekani sana. Husikika tu nyuma ya bega, akionya, akitania, akitia moyo. Sehemu ya kwanza walikwisha kuitoa bure ili watu waijaribu. Picha zilisifiwa, na vyura wa mashambani mle walisifiwa zaidi. Ila baba walikuwa wamempa msomaji wa habari mwenye sauti safi kama maji ya chupa, na watu hawakumhurumia. Mmoja aliandika kwamba baba huyu anasoma maelekezo ya dawa ya minyoo. Mwingine alishauri wenzake wazime sauti waweke muziki wao. Darin aliyasoma maoni yote mpaka ya mwisho, maana kila lawama ya sauti ilikuwa yake.

Alipoombwa awe huyo baba, Bunluea hakuuliza mengi. Alisema tu kwamba wafu hawajawahi kumlalamikia jinsi alivyowafisha.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kuliko jiko la Prayong, kuta zimevikwa sponji toka chini hadi juu. Bunluea aliingia, akatazama huku na huku, akauliza watu wako wapi. Darin akamwambia hakuna watu, watamsikia baadaye, kila mmoja kwao. Akampa karatasi ya maneno. Yalikuwa yamepangwa ovyo. Kwanza baba anakufa, kisha anasalimia, kisha anasema "angalia mguu" kwa namna kumi mbalimbali. Bunluea akapiga magoti rohoni kwa mwalimu wa kale aliyemfundisha kazi, akafungua kifua, akaanza.

Fundi wa sauti alikisogeza kipaza sauti nyuma kidogo. Kisha tena. Kufika mchana kilikuwa karibu na mlango. Lakini ofisi nzima ilikuja kusimama nyuma ya kioo, ikicheka na kupiga makofi, na wazee wawili wa usafi walimtambua wakamwita kwa jina la zamani la gari la sinema. Bunluea alirudi nyumbani kama aliyeshinda bahati nasibu. Mtaa wote ukajua.

Siku walipoita watu kuja kujaribu gemu hilo na sauti mpya, naye akaalikwa. Alivaa shati la kwenda harusini. Akakaa nyuma ya msichana mmoja wa chuo, asiyemjua, ambaye alivaa hedifoni na kuanza kutembea ndani ya mashamba yale. Sauti kidogo ilivuja nje. Mtoto alipokaribia bwawa, baba alinguruma kwamba kuna maji mbele. Msichana alishtuka, akacheka kwa adabu. Akazunguka, akarudi pale pale, baba akanguruma tena maneno yale yale kwa mlio ule ule. Na tena. Msichana akavua upande mmoja wa hedifoni, akasugua sikio. Kisha, bila chuki yoyote, kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ya vumbi, akaingia kwenye mipangilio, akashusha sauti za watu mpaka sifuri, akaendelea na vyura wake kwa furaha.

Bunluea aliangalia kandambili zake.

Darin alimtoa nje kwenye roshani, akamnunulia kahawa ya barafu, akaacha kwanza anywe.

"Mjomba, nikikudanganya nitakuwa nimekukosea mara mbili," akasema. "Sauti yako sina neno nayo. Lakini wewe unasema na uwanja mzima, na yule dada amekuweka ndani ya sikio lake."

"Nimesema hivi tangu ujana wangu, na hakuna aliyewahi kuondoka."

"Wangeondoka waende wapi, Mjomba? Gari la sinema lilikuwa moja."

Bunluea alicheka, kwa sababu lilikuwa pigo zuri na yeye alithamini pigo zuri, lakini lilimwingia. Darin akamwomba arudi wiki ijayo wajaribu tena. Hakumficha kwamba ikishindikana atatafuta mtu mwingine. Alilisema hilo viganja vikiwa vimeunganishwa usoni, na Bunluea akaona kwamba yeye pia limemwuma.

Nyumbani hakusema kitu. Prayong alikuwa barazani, utepe wa kupimia shingoni, pini midomoni, sketi ya buluu mapajani. Kelele za mumewe alizizoea kama mvua kwenye bati. Ukimya wake ndio uliomtisha. Akazima feni ili asikie kama anapumua. Kisha akatoa pini mdomoni moja moja, akauliza, "Babu, umekula nini kikakukaba?"

Akamsimulia. Alitegemea pole. Prayong alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja sketi.

"Unajua kwamba waliponiachisha kazi nilikuwa nakuja kukusikiliza?"

Hakujua.

"Nilikuwa napanda pikipiki ya binamu yangu. Nakaa nyuma kabisa, nimejifunika kanga. Nilitaka kujua unanifanyaje."

"Nilikufanyaje?"

"Kuku," Prayong akasema. "Kila mwanamke. Awe malkia, awe mjane anayemzika mwanawe, wewe ulimfanya kuku. Watu wakacheka, nikarudi nyumbani."

"Walipenda, Bibi."

"Walipenda, sikatai. Lakini yule mjane nilimsemea mimi msimu mzima, na uwanja ulikuwa kimya mpaka unasikia mbu."

Bunluea akauliza kwa nini hakumwambia siku zile. Prayong alimjibu kwamba kila aliporudi alirudi na hadithi ya jinsi walivyocheka, sasa angemwambia saa ngapi. Hakulisema kwa hasira. Hasira ilikwisha kuisha siku nyingi, ikabaki habari tu, kama habari ya jino lililong'olewa. Akarudi kwenye sketi yake. Bunluea akachukua sumaku iliyofungwa kamba, akaiburuta sakafuni kuzikusanya pini zilizoanguka, akaendelea kuiburuta hata zilipokwisha.

Wiki iliyofuata alirudi studio akiwa ameamua kusema chini. Akasema chini. Darin akabonyeza kitufe upande wa pili wa kioo, akamwambia kwa upole kwamba sasa baba anasikika kama anaficha maiti. Akapandisha, ikawa magodoro. Akashusha, ikawa mwizi. Jasho likamtoka. Mwisho aliweka karatasi chini.

"Binti yangu, mimi siwezi kusema na sponji."

Wakamwingiza fundi wa sauti akae mbele yake, lakini kijana wa watu aliona haya akawa anaangalia viatu. Darin akauliza zamani alikuwa akisema na nani. Bunluea akajibu kwamba na mke wake, ila asijisumbue, hatakuja.

Darin alijisumbua. Alimkuta Prayong barazani, sare zimempanda mpaka kiunoni, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Prayong akamsikiliza, akakataa. Kazi yake anaiona mwenyewe, akasema, na hayo mambo ya vipaza sauti aliyaacha, na yenyewe yalimwacha. Darin hakubishana. Akavua viatu, akakaa, akavuta kikapu cha mashati, akaanza kushona vifungo. Alishona vibaya mwanzo, Prayong akamfumulia, akashona tena. Wakaongea habari za bei ya kitambaa na za mama yake Darin. Alipoondoka jioni hakurudia ombi lake.

Kesho yake Prayong alishuka kwenye bajaji mbele ya studio na kapu la sketi. "Nimekuja kukaa," akamwambia Darin kabla hata ya salamu. "Sikuja kusema."

Wakampa kigoda kifupi ndani ya chumba cha sponji. Akatia uzi kwenye sindano, akaanza kupinda sketi kwa mkono. Bunluea akasimama mbele yake. Akasema ule mstari wake wa kuna maji mbele. Prayong akasonya bila kuinua kichwa. Akasema tena, naye akasonya tena. Fundi wa sauti akamtazama Darin, Darin akamwashiria aache mashine iende.

"Unamwambia nani?" Prayong akauliza.

"Mtoto."

"Mtoto gani? Una watoto wangapi wewe?"

Walikuwa naye mmoja tu, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma mjini Rayong.

"Siku ile pale mto Chi, mtoto alipoifuata ile mashua iliyofungwa," Prayong akasema, "alikuwa ukingoni kabisa, na udongo umelowa. Ulimwambiaje?"

Siku ile Bunluea, mtu wa kusikika vijiji viwili, hakupiga kelele. Angepiga kelele mtoto angeshtuka akateleza. Alimwita kama mtu anayemwita mwenzake waende kula, polepole, sauti ina tabasamu. Akatembea na maneno yale mpaka mkono ulipomfikia.

Akamtazama mkewe. "Mwanangu," akasema, "kuna maji mbele."

Sindano ikasimama. Prayong aliinua uso, na bila kupanga wala kuambiwa, akajibu kwa sauti ambayo Bunluea hakuwa ameisikia tangu enzi za gari la sinema: "Mrudishe polepole, baba yake."

Nyuma ya kioo Darin alimshika fundi mkono asije akagusa kitu. Ndani ya chumba wale wawili walitazamana kidogo, kisha Prayong akajifanya anatafuta mkasi.

Kwenye hadithi ya gemu hilo mama alikwisha kufa na hasikiki popote. Mwandishi wake, ambaye ndiye mwenye kampuni, alisema hivyo ndivyo alivyoandika. Darin alimjibu kwamba basi na awe amefariki na aseme, tangu lini wafu wa Isan wakawa bubu. Walivutana siku kadhaa. Mwandishi alikubali baada ya Darin kumfungia chumbani na ile sauti ya sekunde chache, akaisikiliza mara ya kwanza kama mwenye mali na mara ya pili kama mtoto wa mtu. Akaenda kuandika upya. Prayong alipoulizwa kama yuko tayari alisema atakuwa tayari sare zikiisha. Wakamsubiri.

Siku yake ilipofika, aliyekaa kwenye kigoda alikuwa Bunluea, na alionywa asithubutu kusonya. Mama alikuwa ng'ambo ya bwawa akimwita mwanawe, na ubaya ni kwamba mtoto akimfuata anazama. Mwandishi alitarajia kilio cha mzuka. Prayong alimwita kama anayeita watu mezani, wali umeiva, njooni haraka kabla haujapoa. Mama yule alikuwa na furaha ya kumwona mwanawe. Hakujua kwamba anaua. Fundi wa sauti alivua hedifoni, akatoka kwenda kusimama koridoni.

Bunluea alibaki pale chini na mikono imelala magotini. Sauti ile aliisikia kila siku ikidai pini na kuulizia bei ya vitunguu, akasahau kabisa inakofika. Alifurahi. Katikati ya furaha kulikuwa na mwiba, kwamba watu wa viwanja vyote vile, usiku wote ule, walipewa kuku na walistahili hii. Prayong alipomaliza, Bunluea alimpa maji, naye akanywa, akamrudishia kikombe, akauliza kama ilikuwa sawa. "Ilikuwa sawa," Bunluea akasema, kwa sauti ndogo kweli, na Prayong akamtazama kuhakikisha hajaugua.

Gemu lilitoka baada ya mvua. Safari hii watu hawakuzima sauti. Waliandika habari za mama zaidi ya kitu kingine chochote. Wengi walisema walisimamisha mchezo wakawapigia mama zao simu, na mmoja alisema alimfuata majini makusudi, akijua, ili amsikie vizuri. Baba naye alisifiwa. Walisema anafanana na baba. Bunluea alimwomba Darin amsomee hilo mara mbili.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja uliobaki wa siku za kwanza, ulipita bila kugunduliwa. Nyati wa familia anakata kamba, na baba ananguruma kwamba nyati ametoka, kwa mlio wa kutangaza magodoro ya bei poa. Wachezaji wakaudaka. Haikuchukua muda vijana wa sokoni wakimwona Bunluea walikuwa wakipiga kelele, "Nyati ametoka!" na kukimbilia nyuma ya vibanda. Mwanzoni alikasirika, kisha akawa anawajibu kwamba ndiyo, namwona, amevaa miwani. Hata hivyo alikwenda studio akataka mstari ule urudiwe. Darin alimwambia watu wanaupenda. Bunluea akasema anajua wanaupenda, ndiyo maana hautaki. Ukarudiwa. Wachezaji wakalalamika, wakaomba nyati wao wa zamani arudishwe, na kampuni ikampigia simu kumbembeleza. Akakataa katakata.

Simu nyingine ilikuja msimu wa baridi, kutoka Bangkok. Bunluea ndiye aliyeipokea kwa kuwa Prayong alikuwa na pini mdomoni. Kampuni kubwa ya michezo ilikuwa ikimtafuta yule mama wa bwawani kwa kazi ya majuma kadhaa. Bunluea akasubiri kidogo kusikia kama kuna jina lingine. Halikuwapo. Akaona kifua chake kikijaa hewa, kama mtu anayejiandaa kutangaza, akaitoa taratibu, akampelekea mkewe simu.

Prayong alisitasita kwa ajili ya sare. Bunluea akasema sare ataangalia yeye. Wote wawili walijua hilo halina maana yoyote, lakini alilisema, na Prayong akaenda. Alimpeleka kituo cha basi akimbebea begi. Njiani alimwuliza kama huko Bangkok atahitaji mtu wa kukaa kwenye kigoda. Prayong akasema nadhani wana mtu wao. Kisha alipokwisha kupanda akafungua dirisha, akasema, "Ukija Jumamosi, njoo na wali wa nyumbani. Wa huko siuamini."

Jumamosi akapanda basi la alfajiri na kikapu cha wali wa kunata na soseji za kuchoma. Studio ya Bangkok ilikuwa kubwa, yenye vyumba vingi na milango mizito. Wakamkalisha kwenye benchi la koridoni. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa ikiwaka, na kwenye mlango kulikuwa na kioo chembamba. Aliweza kumwona mkewe kwa upande, amesimama wima, kidevu kimeinuka kidogo, mdomo ukisema na mtu. Hakusikia hata neno moja. Kuta zilikuwa nzuri mno.

Akakaa na kikapu mapajani. Dada wa mapokezi akapita akamwuliza kama anahitaji chochote, naye akatikisa kichwa. Taa ilipozimika, Prayong alitoka akijifuta jasho la shingoni, akaketi kando yake kwenye benchi.

"Umeleta soseji?"

"Nimeleta."

"Za nani, za Mama wa kona?"

"Za kona. Pilipili nimeiweka kando."

Prayong akafungua kikapu, akafinyanga tonge la wali, akampa yeye kwanza.